Nimeacha chapati na mandazi lakini tumbo bado: gluteni inaingilia wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mwaka jana, baada ya kuhangaika sana na kuhara, tumbo kujaa gesi na damu kupungua kila mara, nilipimwa Dar damu na kile kipimo cha mpira wa kooni, wakaniambia nina seliaki, nisile kitu chenye ngano maisha yangu yote. Nimeacha chapati, mandazi, mkate, tambi, keki, vyote. Nakula ugali, wali, ndizi na uji wa ulezi. Mwanzoni nilipata nafuu kubwa lakini miezi hii tumbo limerudi vilevile. Tunaishi na mama mkwe, na yeye anapika mandazi ya kuuza kila alfajiri kwenye jiko letu hilohilo. Mume wangu anasema naendekeza ugonjwa, eti unga kidogo hauwezi kumdhuru mtu. Ni kweli hata vumbi la unga linaniumiza? Na nifanyeje wakati sina uwezo wa kuwa na jiko la peke yangu?

JIBU: Pole sana dada yangu, na hongera pia, maana kuacha mandazi ukiwa unaishi kwenye nyumba inayoamka kwa harufu ya mandazi si jambo dogo. Nianze na hilo la mume wako kwa sababu likibaki lilivyo haya mengine hayatafanyika: ndiyo, unga kidogo unaumiza, na hii kitu imepimwa.

Seliaki sio tumbo laini na wala sio mzio kama ule wa kuwashwa ukila kamba. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayokosea. Kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya nchi za baridi, jamii ya ngano) kuna protini inaitwa gluteni, na mwenye seliaki akiila, kinga inageuka inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba, vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinafupika vinalala kabisa, ndo maana ulikuwa unaishiwa damu hata ukimeza vidonge vya madini ya chuma, chuma kinapita tu hakifyonzwi. Muulize mume wako ni mara ngapi ulitibiwa malaria na minyoo kwa ajili ya ile damu kabla ya kupimwa seliaki. Na sio ugonjwa wa juzi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiufuatilia tangu miaka ya 1930, halafu kwenye ile njaa kali ya kule majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipopotea kabisa watu wakawa wanakula hadi vitunguu vya maua, watoto aliokuwa anawatibu wakapata nafuu, mkate uliporudi wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu hilo, na hadi leo dawa ni ileile, kuacha gluteni, hakuna kidonge.

Sasa kiasi gani ndo kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha majaribio ya watu wazima 49 wenye seliaki waliokuwa tayari kwenye mlo safi, wakawapa kapsuli kila siku kwa siku 90, wengine kapsuli haina kitu, wengine ina miligramu 10 za gluteni, wengine miligramu 50. Waliokula miligramu 50 kwa siku utumbo wao ukaanza kuharibika. Slaisi moja ya mkate ina gluteni kama gramu 2, kwa hiyo miligramu 50 ni slaisi hiyo uigawanye vipande 40 ule kimoja tu kila siku. Ndo maana wataalamu wengi tunamwambia mgonjwa ajitahidi abaki chini ya miligramu 10 kwa siku, na kwa unga wa ngano hiyo ni kama ncha ya kisu, sehemu moja ya 25 ya kijiko cha chai. Kwa hiyo anachosema mume wako kwamba unga kidogo haudhuru, kwa yeye ni kweli, kwa watoto kama hawana seliaki ni kweli, kwako wewe sio kweli.

Na hapa niseme kitu kimoja ambacho naona kinachanganya watu sana. Kuna mgonjwa anakula punje anatapika usiku kucha, na kuna mwingine anakula kipande cha keki hasikii kitu, halafu wa pili anaona yeye seliaki yake ni ndogo. Hapana. Dalili na uharibifu haviendi pamoja. Wa pili utumbo wake unaliwa kimyakimya na mifupa inapungua nguvu bila yeye kujua. Wewe unayesikia haraka angalau unapewa taarifa, kwa hiyo tuitumie.

Ukiniambia nitaje sehemu moja tu ya kuangalia kwanza kwa habari uliyonipa, sitaanza na mandazi ya mama mkwe. Nitaanza na ugali wako na uji wako. Najua utashangaa maana mahindi na ulezi havina gluteni kabisa, na mtama, uwele, mchele, muhogo, ndizi, viazi, magimbi, kunde, choroko navyo havina. Tatizo ni mashine ya kusaga. Hujaniambia unga wako unautoa wapi ila kama ni kama nyumba nyingi za Tanga, mnapeleka ndoo ya mahindi na kimfuko cha ulezi mashineni mtaani. Sasa kaa pale nusu saa uangalie foleni. Mbele yako kuna mtu kaleta unga wa lishe wa mtoto, na mchanganyiko wa unga wa lishe unakuta ndani kuna mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga na mara nyingi ngano imo. Mwingine kaleta ngano yake nzima anataka unga wa chapati za brauni. Fundi akimaliza huyo anagonga kile kifuko cha kitambaa mdomoni mara mbili, anamimina mahindi yako. Kilichobaki ndani ya mashine, kwenye chekecheke na kwenye kifuko, chote kinatokea kwenye ndoo yako.

Tupige hesabu pamoja. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kina gluteni kama miligramu 250. Kikibaki kijiko hicho tu mashineni kikachanganyika na kilo yako moja ya sembe, basi kila kilo ina miligramu 250. Wewe kwa siku, ugali mchana na uji asubuhi, unakula unga kama gramu 300. Tayari umekula miligramu 75, umeipita ile iliyoharibu matumbo ya watu kule Italia, na hujagusa chapati hata kwa macho. Hapo ndo unaona kwa nini wingi wa unga unaokula ni wa kuhesabu. Kiwango cha kimataifa cha kuandika kwenye pakiti kwamba chakula hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, na unga wa namna hiyo hata ukila gramu 300 unapata miligramu 6 tu, kinatosha vizuri. Shida ni unga ambao haujapimwa: sisi ugali ndo chakula chenyewe, tunakula kwa wingi, kwa hiyo uchafu mdogo kwenye unga wetu unazidishwa na ukubwa wa sahani.

Na sio mashine za mtaani tu jamani. Mwaka 2010 Marekani walichukua sampuli 22 za nafaka na unga ambao kwa asili hauna gluteni, vitu vya dukani vya pakiti, wakakuta 7 vimepita hicho kiwango cha miligramu 20 kwa kilo, vikiwemo unga wa mtama na unga wa soya. Wale wana viwanda vikubwa. Kwa hiyo ukinunua sembe ya pakiti angalia kama kiwanda hichohicho kinasaga na ngano, namba ya simu ipo kwenye pakiti, piga uulize, sio aibu. Ukipata kiwanda kinachosaga mahindi peke yake shikamana nacho.

Ninachokushauri ni hivi. Nunua nafaka nzima, mahindi, ulezi, mchele, pale sokoni, chagua duka ambalo ngano haijamwagwa kwenye gunia la jirani na kibaba hakizunguki magunia yote. Nyumbani chambua kwenye ungo mpya ambao haujawahi kupepetea ngano, na hapa usiwe na haraka, tafuta punje ya ngano kwa macho: ni ndefu, ina mfereji katikati upande mmoja, rangi ya kahawia. Kwenye mchele na dengu zinaonekana kirahisi. Kwenye ulezi ngano inaonekana haraka zaidi kwa sababu ulezi ni mdogo sana, ukichekecha ulezi unapita ngano inabaki juu. Osha, anika kwenye kitambaa safi mbali na pale mama mkwe anapokandia, halafu saga kwa blenda yenye kikombe cha kusagia vitu vikavu au kinu na mchi wako mwenyewe. Kwa uji inawezekana kabisa maana ni unga mdogo. Kwa ugali wa familia nzima ni kazi kubwa, najua, kwa hiyo tafuta mashine inayokoboa na kusaga mahindi tu, zipo, hasa za wafanyabiashara wa sembe, na uende mapema asubuhi. Watu wengi wanasema saga kwanza kilo mbili za kusafishia mashine halafu hizo mpe jirani. Inapunguza, haimalizi, mimi nisingeitegemea kwa mtu anayeumwa kama wewe sasa hivi. Miezi mitatu ya mwanzo kula wali, ndizi, mihogo, viazi vitamu na magimbi kwa wingi kuliko ugali, uone tumbo linasemaje. Kama mashine ndo mchawi utajua ndani ya wiki chache.

Viungo navyo usivisahau. Bizari, pilipili manga, mdalasini wa unga, mara nyingi vinasagwa mashine zilezile au vinauzwa vimechanganywa. Nunua vizima, twanga mwenyewe. Ile hingi ya kopo wanayotumia kwenye dengu na mboga, nyingi imechanganywa na unga wa ngano, soma pakiti. Soya sosi ya kawaida inatengenezwa na ngano. Vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vya mchemraba vingine vina unga wa ngano wa kufanya mchuzi uwe mzito, na vinywaji vya malti ni shayiri, hata kama havina kilevi.

Haya, tuje kwa mama mkwe. Uliuliza vumbi la unga. Vumbi linakuumiza kwa sababu ukilivuta linaganda puani na kooni halafu unalimeza, na pia linatua kwenye kila kitu kilicho wazi, na unga mkavu ukishachekechwa unaelea hewani muda mrefu kuliko unavyoudhani. Ila nikuambie ninachokihofia zaidi ya vumbi, ni mikono. Kesho alfajiri amka ukae pembeni umwangalie akikanda, sio kwa ubaya, angalia tu. Mkono umo kwenye unga mpaka karibu na kiwiko, anakumbuka chumvi, anachota kwa vidole vilevile kwenye kopo, anarudi kwenye sukari, iliki nayo, anafungua dumu la mafuta, anageuza mwiko, anajifuta kwenye kitenge, anashika kitasa cha friji. Mchana wewe unaingia jikoni, jiko limefagiwa safi, halafu unachota chumvi kwenye kopo lilelile unatia kwenye maharage yako. Ukiniuliza mgonjwa anayesema nimeacha kila kitu na bado naumwa anaumizwa na nini, mara nyingi jibu liko kwenye kopo kama hilo.

Kwa hiyo chumvi yako, sukari yako, majani ya chai, mafuta, siagi, karanga, vyote viwe vyako, kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, funga kitambaa chekundu au andika jina, weka kwenye boksi au kabati la juu. La juu nasema kwa sababu unga hata ukielea mwisho wake unatua chini. Siagi hasa, maana kisu kinatoka kwenye mkate kinarudi kwenye kopo na makombo yake.

Kukanda kuhamie nje. Mandazi ni riziki ya nyumba na wala sikwambii umzuie mama, ila kukanda, kuchekecha na kukata kunaweza kufanyika barazani au uwanjani upande ambao upepo hauingii jikoni. Hilo tu linabadilisha mambo sana kuliko kununua sufuria mpya kumi. Jiko la mkaa likitoka nje nalo vizuri zaidi. Akimaliza, meza na sakafu zifutwe kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, zisifagiwe kavu, kufagia kavu kunaurusha unga juu tena. Kitambaa hicho kisiwe cha kufutia vyombo vyako. Na wewe uingie kupika baada ya hapo, au upike kabla, chakula chako kifunikwe.

Mafuta aliyokaangia mandazi usiyatumie hata kidogo, hata ukiyachuja. Watu wanadhani moto mkali unaua gluteni. Gluteni sio mdudu, haifi. Haiuliwi na moto, wala spiriti, wala jiki, inachotaka ni kuondolewa kwa maji na sabuni. Kuna utafiti wa Marekani wa 2021, walinunua chipsi migahawani, oda 20, ambazo viazi vyenyewe havina gluteni ila vimekaangwa kwenye mafuta yanayokaanga na vitu vya unga, oda 9 zikakutwa na gluteni. Ndo hivyohivyo chipsi zetu za kibandani, karai moja linatoa chipsi, sambusa na mandazi. Zege (chipsi mayai) lako la mtaani liache, pika nyumbani.

Vyombo: hapa watu wanajiumiza kwa hofu. Sahani, vikombe, vijiko vya chuma, sufuria, vikioshwa vizuri kwa sabuni na kusuuzwa havina shida, tumieni pamoja. Kuna watafiti wa Marekani waliochapisha 2020 walipima kisu kilichokata keki ya ngano, kikisafishwa kawaida tu hakikuwa na shida kubwa, lakini tambi zisizo na gluteni zilizochemshwa kwenye maji yaliyochemshia tambi za ngano zilichafuka. Somo lake kwa jikoni kwako, maji na mafuta yanabeba gluteni kuliko chuma kilichooshwa. Vya kutenga ni vile vyenye vinyweleo na matundu: mwiko wa mbao, kibao cha kusukumia chapati, kinu, ungo, chujio na chekecheke ya unga, kaango la chuma la chapati ambalo haliogeshwi sabuni, na sponji ya kuoshea. Mwiko na chujio ni bei ndogo, nunua vipya leo, mwiko wako toboa tundu mwishoni utie uzi ujulikane. Mbuzi ya nazi inaweza kubaki ya wote, mradi mtu asikune nazi na mikono ya unga. Sabuni ya kuogea, losheni, mafuta ya nywele, usipoteze usingizi, haviingii tumboni, labda rangi ya mdomo tu. Watoto wakila mandazi wanawe mikono na midomo kabla ya kukurukia, inatosha, usiwafanye waogope kukubusu.

Nikwambie na kitu kimoja ambacho nimeona kinafanya kazi kwenye nyumba kama zenu. Mama mkwe anajua kukaanga, ana wateja. Mweleze aongeze vitumbua vya mchele mtupu, mchele mnauloweka usiku na kuusaga wenyewe kwa blenda na tui la nazi, iliki na hamira, bila kijiko cha ngano. Nasema bila kijiko cha ngano kwa sababu wauzaji wengi wanatia ngano kidogo vishikane, kwa hiyo vitumbua vya kununua usile hadi umuulize mpikaji. Hamira ya kawaida ya dukani haina tatizo. Mkate wa kumimina nao ni hivyohivyo, mchele, tui, sukari, hamira. Vikikaangwa kwenye chuma chake na mafuta yake, unapata kitafunwa cha chai, na yeye anapata biashara ya pili. Mtu akishirikishwa kukulisha anakulinda kuliko mtu aliyeambiwa tu usiguse hiki.

Ukienda shughulini, na Tanga shughuli haziishi, usiende na njaa. Kula kwako kwanza, beba kikontena. Pilau na biriani ni wali, lakini muulize mpishi kuhusu viungo vya pakiti, na uchotewe mwanzo kutoka kwenye sufuria kabla kijiko hakijatembea kwenye sahani ya sambusa. Boko boko ni ngano yenyewe. Kababu na katlesi mara nyingi ndani kuna mkate au nje pamepakwa chenga za mkate. Samaki wa kukaanga wengine wanapakwa unga wa ngano wasigande karaini. Ukifika Unguja, urojo unafanywa mzito kwa unga wa ngano, uache. Mchemsho wa samaki au kuku, ndizi nyama, mihogo ya nazi, matunda, kachumbari, hivyo uko salama zaidi. Na futari ya Ramadhani kwa kweli ni neema kwako, mihogo, magimbi, viazi vitamu, kunde, uji wako mwenyewe, meza nzima unaweza kula ukiondoa kaimati, sambusa na tambi.

Wakikushika mkono eti onja tu usinivunje moyo, usiseme sipendi wala najihadhari, maana hapo wanaona unawadharau. Sema daktari amenikataza, nikila nalala hospitali. Watu wetu neno la daktari wanaliheshimu. Na mume wako naomba umuonyeshe majibu yako ya kipimo cha mpira, yale yaliyoandika hali ya utumbo, mkae muyasome wote, au uje naye kliniki. Huko ndani kumepigwa picha na kipande kimekatwa kikaangaliwa kwa hadubini, hakuna mtu anayeweza kuendekeza kitu hicho.

Sasa upande wa hospitali, usiutupe kwa sababu ya habari ya jikoni. Rudi kwa daktari wako arudie kipimo cha antibodi cha damu, kile cha tTG. Kama bado kipo juu au kimepanda tena, gluteni inaingia mahali, na hesabu yetu ya mashine na kopo la chumvi ina maana. Kikiwa kimeshuka ni dalili nzuri, ila hakithibitishi kwamba hakuna hata punje inayoingia, kwa hiyo usirudi kwenye mashine ya mtaani kwa furaha. Muombe pia akupime wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma mwilini), folati, vitamini B12 na vitamini D. Na aangalie kijidudu kinachoitwa giardia kwenye choo chako, maana kwa maji yetu haya giardia inaleta kuhara na gesi zinazofanana kabisa na seliaki, nimeona watu wakilaumu unga mwaka mzima kumbe ni mdudu wa maji. Maziwa nayo, utumbo ukiwa umeumia unashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa kwa muda, jaribu kuacha maziwa fresh wiki tatu uangalie. Uvumilie pia, utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka hadi miwili au zaidi kurudi sawasawa, kwa hiyo siku mbaya moja moja haimaanishi umeshindwa.

Weka daftari jikoni. Andika ulichokula, unga ulitoka wapi, nani alipika, na saa tumbo lilipoanza. Usiandike mandazi peke yake, andika na chumvi, na mafuta, na mashine ya siku ile. Baada ya mwezi utaona mpangilio ambao mimi huku kwa maandishi siwezi kuuona.

Na watoto wako wawili wapimwe damu, hata kama wana afya. Ndugu wa karibu wa mwenye seliaki, mzazi, mtoto, kaka au dada, uwezekano wao unakaribia mmoja kati ya kumi, wakati kwa watu wa kawaida duniani ni kama mmoja kati ya mia. Ila nakuomba sana, wapimwe wakiwa bado wanakula mkate na mandazi kama kawaida, usiwaachishe kwanza, mtoto akishaachishwa ngano kipimo kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo, na hapo itabidi arudishiwe ngano kwa wiki kadhaa ndo apimwe upya. Ukishapata majibu yao niandikie, na kama mmoja anao tutapanga upya lile jiko lenu, safari hii mama mkwe akiwepo kwenye mazungumzo tangu mwanzo.